Nguvu ya Kaharabu

Mtaani Chanika, Handeni, mtu akitaka kusema kwamba habari fulani haina miguu, husema tu, "Hiyo kaileta Semboja." Mzee Semboja mwenyewe anajua, wala hakasiriki. Amestaafu kazi ya mitambo ya umeme kule Hale, ana pensheni yake, ana mbuzi sita na redio mbili, na kwa maoni yake mtu mwenye vitu hivyo hana sababu ya kusema kweli kila siku. Amewahi kuwaambia watu kwamba mto Pangani ulisimama kutwa nzima ukimsubiri apone malaria. Amewaambia pia kwamba kambare mmoja aliingia kwenye mtambo upande huu akatokea upande wa pili ameshakaangwa, na kwamba yeye alimla palepale kwa ndimu.

Lakini katika hadithi zake zote, iliyopendwa kuliko nyingine ilihusu neno moja tu: rafmagn. Ndivyo watu wa Aislandi, kile kisiwa cha baridi kilicho juu kabisa kwenye ramani, wanavyouita umeme. Semboja alilipata neno hilo mwaka themanini na tatu kutoka kwa fundi wa huko, Bwana Thori, aliyekaa Hale wiki kumi na moja akikagua mashine na kuwafundisha vijana wawili, Semboja na mwenzake Raymond. Tangu hapo kila alipopata watu wa kumsikiliza, Semboja alilizulia neno lile asili mpya. Mara Rafmagn alikuwa binti wa mfalme aliyepigwa radi akichuma mboga, na tangu siku hiyo akawa anaangaza nyumba nzima bila taa. Mara walikuwa ndugu wawili, Raf na Magn, waliogombea mzigo wa kuni mpaka cheche zikaruka. Mara ilikuwa sauti anayotoa ng'ombe wa huko akigusa waya. Raymond, aliyeijua asili yenyewe, alikuwa anakaa pembeni akichokonoa meno, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

"Endelea, Mzigua," alikuwa anamwambia. "Umefika kwenye ng'ombe."

Raymond alikuwa mtani wake. Baba yake Raymond alikuwa Mnyamwezi aliyeletwa na treni kukata mkonge enzi za manamba, akazalia hapahapa. Na Wanyamwezi na Wazigua ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anaweza kukuita mwizi mbele ya wakwe zako ukacheka. Anaweza kuondoka na kuku wako. Na siku ukifa yeye ndiye mwenye msiba kuliko wote, kwa sababu ndiye mwenye ruhusa ya kuuharibu. Lolote atakalosema uani pa marehemu haliwekwi kwenye mizani: hakuna wa kulikasirikia, na hakuna wa kuliamini.

Raymond alifariki siku ya Jumanne nyumbani kwake Masuguru, Korogwe, akiwa na miaka sabini na mbili. Semboja akafika kutoka Handeni kabla sanduku halijafungwa, akafanya kazi yake yote. Alivaa koti la marehemu na kofia yake, akatembea kama yeye, goti moja limekataa kukunja. Alilala njiani mbele ya jeneza, akasema huyu haendi popote, ana deni la stori yangu ya kambare, hajaicheka mpaka mwisho. Wakamkomboa kwa kuku jike mwenye madoadoa ndipo akainuka. Koti na kofia akakataa kuvirudisha. Mjane, Mama Serafina, alicheka huku analia, na hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya Semboja kuja.

Siku ya Ijumaa, matanga yalipokuwa yanaondolewa, mambo yakabadilika.

Watu walikuwa wamekaa uani kwenye mikeka na mabenchi, wanakunywa chai ya maziwa. Mama Serafina akatoka ndani ameshika kitu kwa ncha za vidole. Alikuwa amefungua sanduku la bati la mumewe kutafuta kadi ya kliniki, na chini kabisa, chini ya vyeti na viatu vya kazi, akakuta kitambaa cha sufu cha kijivu, kimeungua ukingoni. Ndani ya kitambaa kulikuwa na jiwe.

Lilikuwa na ukubwa wa kokwa la embe, rangi ya asali iliyokaa kwenye chupa. Jua lilipolipiga, ndani yake akaonekana mdudu mdogo, miguu sita, bawa moja limenyooka.

"Liweke chini!" alisema Mama Getruda, mwenyekiti wa jumuiya, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuendesha ibada bila kipaza sauti. "Serafina, usilishike hivyo. Liweke chini kwenye sinia."

Serafina akaliweka. Watu wakasogea, kisha wakarudi nyuma.

"Mdudu ndani ya jiwe," Getruda akasema. "Nani alimwingiza? Na kitambaa kimechomwa. Mnaona wenyewe."

"Niliwahi kumwona nalo," Serafina akasema polepole. "Mara moja tu, binti yetu Catherine akiwa bado mchanga. Nimeamka, nikamkuta amekaa kitandani analisugua kwenye kitambaa hiki. Halafu akalisogeza karibu na nyuzi za mkonge zilizokuwa sakafuni. Nyuzi zikainuka. Haki ya Mungu, zilisimama zenyewe zikamfuata. Nikamuuliza, baba Clinton, hicho nini? Akasema kitu cha zamani, lala."

"Na baadaye?"

"Sikumuuliza tena. Niliogopa."

Uani pakawa kimya. Semboja, aliyekuwa kwenye benchi amevaa koti la marehemu na kuku wake amefungwa mguuni pa benchi, aliona kimya kile kinavyotembea kutoka uso hadi uso. Aliwajua watu. Kimya hicho kingetoka hapo, kingevuka barabara, na Jumapili kingekuwa kimefika Hale kikiwa na maneno: kumbe Raymond alikuwa na mambo yake. Ndiyo maana kila alipougua alipona. Ndiyo maana shamba lake lilizaa ule mwaka wa ukame.

"Jioni baada ya rozari tutalichoma," Getruda akasema. "Na nyumba inyunyiziwe maji ya baraka. Simlaumu marehemu. Kila mtu ana udhaifu."

Na litaungua vizuri sana, Semboja akawaza. Lile halikuwa jiwe kamwe. Lingeshika moto kama ubani, litoe moshi na harufu, na wote wangesema wameona kwa macho yao. Rafiki yake angezikwa mara ya pili, safari hii kama mchawi.

Akasimama. "Hilo si hirizi," akasema. "Hilo ni raf."

Watu walianza kucheka kabla hajamaliza. Kilikuwa kicheko cha shukrani, kwa kweli, kama dirisha limefunguliwa.

"Babu Semboja!" alisema Clinton, mtoto wa kwanza wa marehemu, fundi wa pikipiki mwenye nywele zilizosimama kama kichaka. "Shikamoo yako tena. Leo ni binti mfalme au ni ng'ombe?"

"Leo ni kweli, mjukuu wangu."

Wakazidi kucheka. Mzee mmoja akapaliwa na chai, ikabidi apigwe mgongoni.

"Nisikilizeni," Semboja akasema. "Bwana Thori, yule mzungu wa Aislandi, nilimuuliza siku moja tukiwa mtamboni, kwenu umeme mnauitaje? Akasema rafmagn. Nikamwambia hilo ni jina la dawa ya mbuzi. Akatoa hili jiwe mfukoni, hilihili. Akasema, neno letu ni maneno mawili yaliyoshonwa pamoja. Raf ni hiki. Magn ni nguvu. Nguvu ya hiki. Sasa hiki ni utomvu, kama ule wa msonobari, uliodondoka kwenye mti kabla hapajawa na watu duniani, ukamnasa mdudu, ukakaa ardhini mpaka ukawa mgumu. Watu wa kale wakagundua ukiusugua kwenye sufu unavuta vitu vyepesi. Huo ndio umeme wa kwanza mtu kuushika mkononi. Wagiriki waliliita jiwe hili elektroni, na Wazungu wengine wote wakachukua jina kutoka huko. Watu wa Aislandi wao hawapendi kuazima maneno. Wakauliza, hilo neno la Kigiriki maana yake nini? Wakaambiwa ni jiwe fulani la njano. Wakasema, basi sisi jiwe hilo tunalo jina lake. Wakalishonea nguvu, kazi ikaisha. Sisi tulipoletewa kitu hiki tulitazama juu kwenye radi, tukakiita umeme. Wao walitazama mkononi."

Yalikuwa maelezo marefu kuliko yote aliyowahi kutoa bila kumweka mnyama hata mmoja. Uani wote ukamtazama, ukisubiri kambare atokee.

"Hii nzuri," Clinton akasema. "Lakini ya ng'ombe ilikuwa kali zaidi."

Vicheko vikaanza upya, na Semboja akahisi kitu asichokizoea, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba yake mwenyewe na hakuna anayefungua. Alikuwa amevaa koti la marehemu na kofia yake. Angesema kwamba jua linachomoza mashariki, wangesema Semboja ametia chumvi.

Aliyemsaidia alikuwa Ustadhi Ikram, jirani wa nyumba ya tatu, mwalimu wa madrasa, mtu anayeongea mara moja kwa siku. Aliinuka, akaliinamia sinia bila kuligusa jiwe.

"Hii ni kaharabu," akasema. "Marehemu babu yangu alikuwa na tasbihi ya kaharabu, punje tisini na tisa. Na Waarabu umeme wanauita kahrabaa. Jina la jiwe hilihili. Sikuwahi kujiuliza kwa nini." Akamtazama Semboja kwa mshangao wa dhati. "Mzee amesema kweli."

Ukapita mnong'ono. Semboja amesema kweli! Mama mmoja akajifunga vizuri khanga yake kama mtu aliyesikia tetemeko.

Getruda hakuyumba. "Jina nimelisikia, Ustadhi, ahsante. Mimi naulizia kazi yake. Serafina ameona nyuzi zinainuka."

"Ndiyo kazi yake!" Semboja akasema, na hapo ndipo alipokosea. Kwa furaha ya kuaminiwa, aliliokota jiwe, akalisugua kwenye kile kitambaa cha sufu mara ishirini kwa nguvu, akalisogeza kwenye makapi ya karanga walizokula na chai, yaliyozagaa chini. Maganda membamba yale mekundu yakatikisika. Kisha matatu yakaruka yakaligandia.

Benchi lilipinduka. Kuku akapiga kelele. Akina mama wa jumuiya walifika mlangoni wote kwa pamoja na hakuna aliyepita. "Yesu na Maria!" Getruda akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa ndogo. Hata Ikram alisogea hatua mbili, akisoma kitu chini ya pumzi.

Semboja akabaki katikati ya ua, peke yake, ameshika jiwe lenye maganda matatu ya karanga. Akaona amemzika Raymond vizuri kuliko waliokuwa na majembe.

Alifikiri haraka. Alilirudisha jiwe kwenye sinia, akainua mikono mitupu.

"Mwenyekiti," akasema, "kwenye pochi yako una chanuo?"

"La nini?"

"Chanuo lako mwenyewe, ulilolinunua mwenyewe, na mimi silishiki. Naomba umchane nalo Clinton."

"Kwani mimi nimekosa nini?" Clinton akasema.

Getruda alisita. Lakini alikuwa mwanamke asiyependa kuonekana anaogopa, na pochi ilikuwa kwapani. Akatoa chanuo la plastiki la bluu. Clinton akaketi mbele yake kama mtoto wa shule, na mwenyekiti wa jumuiya akakichana kile kichaka, mara kumi, mara ishirini, nywele zinalia tititi kwa ukavu.

"Sasa sogeza kwenye maganda."

Akasogeza. Maganda yakaruka, matano, sita, yakalishika chanuo.

Getruda akaliangalia chanuo lake kwa muda mrefu. Aliwahi kusoma mpaka darasa la saba, na kitu fulani kilikuwa kinamrudia, mwalimu fulani, rula fulani, vipande vya karatasi.

"Tulikuwa tunafanya hivi shuleni," akasema mwishowe. "Kwa kalamu."

"Wote tulifanya," Ikram akasema.

"Kwa hiyo jioni tunachoma na chanuo?" Clinton akauliza, na safari hii wote walicheka vizuri, Getruda naye, huku analifuta chanuo kwenye gauni na kulirudisha ndani ya pochi kwa haraka kidogo.

Semboja akapumua. Alidhani imekwisha. Akamtazama Serafina, na akaona haijaisha hata kidogo.

Mjane hakuwa amecheka. Alikuwa ameketi mkekani, mikono mapajani.

"Shemeji," akasema, "nimeelewa. Ni utomvu. Ni kama chanuo. Sasa niambie kitu kimoja. Kama ni kitu cha mchezo wa shule, mbona alinificha miaka arobaini?"

Akalionyesha sinia kwa kidevu.

"Raymond hakunificha kitu. Mshahara wake niliujua. Ugonjwa wake niliujua kabla ya daktari. Hiki alikiweka chini ya viatu, akaniambia lala. Mtu anaficha kitu kwa sababu kina ubaya. Nipe sababu nyingine, nami nitaishika."

Semboja alikuwa na sababu. Alikuwa nayo tangu kitambaa kile kilipofunguliwa, na alikuwa ametumaini kwamba kaharabu na chanuo vingetosha. Vilevile alijua kwamba akiisema hivi alivyo, na kofia hii kichwani, wangeicheka kuliko ya kambare.

Akavua kofia. Akavua koti, akalikunja kwa mikono miwili, akaviweka vyote mkekani mbele ya Serafina. Akainama, akamfungua kuku mguuni pa benchi, akamweka miguuni pa Clinton.

"Babu, unafanya nini?" Clinton akasema. "Huyo ni wako."

"Narudisha."

"Hatujakukomboa kwa koti."

"Narudisha bila kukombolewa. Kuanzia sasa mimi si mtani wa nyumba hii."

Wazee wakatazamana. Jambo hilo walikuwa hawajaliona. Mtani hajiuzulu; mtani anazaliwa. Aliyerudisha vya msiba bila fidia amejivua, na akishajivua hawezi tena kuingia ua ule akachukua hata limao, wala kumdhihaki mtoto wa marehemu, wala kudhihakiwa na yeye. Anakuwa mtu wa kawaida, wa hodi na karibu.

"Semboja," Getruda akasema kwa upole ambao hakuna aliyejua anao, "hayo si ya kuchezea."

"Ndiyo maana nimeyafanya, mwenyekiti."

Akaketi chini, si kwenye benchi la watani, bali mkekani, upande wa wafiwa.

"Bwana Thori alikuja Hale na sweta," akasema. "Lile joto la Hale, na mtu amebeba sweta! Lilikuwa la sufu, la kijivu, na maua shingoni. Mama yake alilifuma, na mama yake alikuwa amekufa mwaka huo. Alikuwa halivai. Analitundika tu kwenye msumari, analitazama. Kulikuwa na dansi hapa Korogwe, na mimi nilikuwa na msichana wa kumringia. Nikalichukua bila kuomba. Nilicheza nalo, nikatoka jasho la ng'ombe, nikalimwagia bia. Niliporudi nikalifua. Halikauki. Nikatia makaa kwenye pasi, nikalipiga. Nikaiacha pasi juu yake nikaenda kuchota maji."

Hapana aliyecheka. Clinton alikuwa amefungua kinywa, akakifunga.

"Tundu lilikuwa kubwa kama sahani. Asubuhi Bwana Thori akauliza nani. Mimi ulimi wangu, huu mnaoujua, ulikauka. Raymond akasema, ni mimi. Akasema hivyo tu. Wakati huo Bwana Thori alikuwa ameshaandika jina moja la kupeleka kwao kusoma miezi sita. Jina lilikuwa la Raymond. Alilifuta."

"Alikuwa aende Ulaya?" Serafina akauliza.

"Aislandi. Mwezi wa nane. Wiki ya mwisho Bwana Thori akagundua. Sijui nani alimwambia, labda aliona mkono wangu umeungua. Lakini nafasi ilikuwa imeshapita. Mimi hakunisemesha. Jiwe lile alimpa Raymond, na kipande cha lile sweta cha kulifungia. Akamwambia, hiki kinavuta hata kisichokigusa, kama wewe ulivyolivuta kosa la mwenzako. Raymond aliniambia maneno hayo siku ileile. Akasema, Mzigua, tusiliongelee tena. Na hakuliongelea. Angekuambia wewe jiwe limetoka wapi, shemeji, angekuambia mimi ni mtu gani. Basi akanyamaza, nami nikaongea. Miaka yote hii nimelizulia lile neno baba na mama wengi kwa sababu sikutaka mtu aniulize lilivyokuja hapa."

Serafina akakivuta kitambaa, akakitandaza gotini. Getruda akainama pamoja naye. Ukingo ulioungua ulikuwa umechongoka, pande mbili zinakutana mbele, weusi ulionyooka.

"Hii ni pua ya pasi," Getruda akasema. Alikuwa amepiga pasi ya mkaa nusu ya maisha yake, hakuhitaji kuambiwa. "Pasi ya mkaa, ile yenye jogoo."

Serafina alikaa na kitambaa kile. Machozi yalimtoka taratibu, bila sauti.

"Ungeniambia yeye akiwa hai," akasema, "ningempa pole. Miaka arobaini nimelala na mtu mwenye jambo kama hili kifuani, na mimi nikidhani ni uchawi, nageukia ukutani."

"Ni kweli, shemeji."

"Sikusamehei leo."

"Sijaomba leo."

Serafina akaitika kwa kichwa, kama mtu aliyekubali bei. Kisha akaliokota jiwe kwa mkono mtupu. Akashangaa. "Mbona jepesi? Na lina joto." Akampa Getruda, naye baada ya kusita akalipokea, akalipima kiganjani, akampa Ikram. Likazunguka uani mkono kwa mkono, kila mtu akilielekeza kwenye jua kumtafuta mdudu, wengine wakihesabu miguu. Liliporudi, Serafina akalifunga kwenye pindo la khanga yake, mafundo mawili, akaingia ndani kuangalia maharage.

Jioni rozari ilisaliwa, na hakikuchomwa kitu. Getruda alipotangaza nia ya sala alisema, "Tumwombee marehemu Raymond, aliyebeba mzigo wa mwingine," na hakumtaja huyo mwingine, ingawa wote walijua amekaa wapi.

Ugali ulipoletwa, Semboja alikula na wafiwa, sinia moja na Clinton. Palikuwa pamepoa. Watu walizoea, mahali alipo Semboja, kusikia kitu. Sasa vijiko vya mboga ndivyo vilivyosikika. Clinton alivumilia alivyoweza. Alimtazama yule mzee anayemega tonge dogodogo na kuchovya kwa adabu kama mkwe mgeni, akaona msiba umekuwa mkubwa kuliko alivyoudhani.

"Babu," akasema, "samahani. Najua si mtani tena. Nauliza tu kama mtu wa kawaida."

"Uliza, mwanangu."

"Huko Aislandi, kuku wanamwitaje?"

Vijiko vikasimama. Kwenye mikeka yote watu waligeuka, hata Ikram aliyekuwa anavaa viatu ili aende zake. Kuku mwenyewe, mwenye madoadoa, alikuwa anachakura karibu na jiko.

Semboja akafungua kinywa. Hadithi alikuwa nayo tayari, ilikuja yenyewe, ndefu, yenye askofu ndani yake na yai lililoatamiwa na volkano. Akaitazama ikipita. Akamega tonge.

"Sijui," akasema.